P0113 haimaanishi sensa imekufa

Imeletwa Toyota IST nyingine yenye MAF (sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini) mpya kabisa, na taa ya injini bado inawaka. Mashine ya kusoma hitilafu ilitoa namba P0113, mwenye gari akaambiwa sensa ya joto la hewa imekufa, na kwa kuwa kwenye gari hili sensa hiyo imo ndani ya MAF, akanunua MAF nzima. Inaniuma, maana namba ile haikusema hivyo.

P0113 inasema volti kwenye waya wa sensa iko juu mno, basi. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hutoa volti 5 kupitia rizista yake ya ndani, na sensa, ambayo ni thamista (rizista inayobadilika kwa joto), huishusha volti hiyo kadiri inavyopata joto. Kwa Toyota nyingi, nyuzi 20 hupima ohmu 2,400 hivi, nyuzi 60 hupima 600 hivi. Waya ukikatika hakuna cha kuishusha, na boksi husoma nyuzi -40. Ukiona -40 Dar es Salaam, saketi iko wazi mahali fulani. Wapi? Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Chomoa soketi, uunganishe THA (waya wa ishara ya sensa) na E2 (ethi yake), upande wa nyaya zinazokwenda kwenye boksi, kwa kipande cha waya. Hakikisha kwanza ni hizo, kwa sababu soketi ina nyaya tano na mmoja una volti 12! Washa swichi, usome data. Joto likiruka kupita 120, nyaya na boksi ni vizima, sensa ndiyo mbovu, kanunue. Likibaki -40, sensa mpya haitasaidia kitu. Kagua pini zilizorudi nyuma na waya uliovutwa wakati wa kufungua ea klina.

Kuhusu kama joto likisomwa vibaya gari hula mafuta: MAF hupima uzito wa hewa yenyewe, hivyo joto huathiri zaidi taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Kwa injini ya MAP, inayokadiria hewa kwa kupima presha yake, ni habari nyingine, kwani kutoka nyuzi 20 hadi 60 hewa hupungua uzito kwa asilimia 12, na hesabu ya petroli hufuata hapo.

Injini ikizimwa juani, sensa husoma joto la plastiki iliyoizunguka. Kwa hiyo mimi hupima alfajiri, gari likiwa limelala, nikilinganisha na joto la maji ya injini. Zikipishana nyuzi tatu au nne, siwezi kuapa kwamba sensa imechoka, na simwambii mtu anunue.