Je, Wajua Kwa Nini Rafiki Asiyetabirika Huchosha Kuliko Adui?

Mwanamke akiulizwa kama urafiki fulani unamfaa, mara nyingi hujibu kwa kupiga hesabu: mema aliyotendewa, mabaya aliyotendewa, na kipi kimezidi. Nami niliiamini hesabu hiyo kwa miaka mingi. Nilikuwa na rafiki tuliyeambatana kama chanda na pete. Alikesha nami nilipougua, na ni yeye huyohuyo aliyenirushia vijembe mbele za watu kila nilipopata jambo la kunifurahisha. Nilipoyapima, mema yalizidi, kwa hiyo nikaamini kwamba urafiki wetu ni mzima na kwamba uchovu ulionishika kila tulipoachana ulikuwa unyonge wangu mwenyewe. Nilikosea, na kosa hilo linastahili kufafanuliwa kwa kirefu kwa sababu limesimama juu ya dhana yenye sura ya busara.

Dhana yenyewe ni kwamba wema na ubaya hufutana, kama malipo yanavyopunguza deni. Kwa hesabu hiyo, rafiki mwenye mema mengi na mabaya machache hawezi kuulemea mwili kuliko mtu tunayemchukia waziwazi. Mwaka 2003, Julianne Holt-Lunstad, Bert Uchino na wenzao walichapisha utafiti ambamo washiriki walivaa kifaa cha kupima shinikizo la damu wakiwa katika shughuli zao za kila siku, huku wakiandika walikuwa wakizungumza na nani. Dhana ya kufutana ingekuwa kweli, shinikizo lingepanda zaidi mbele ya watu wasiopendeza. Sivyo ilivyokuwa. Namba ya juu ya shinikizo la damu ilipanda zaidi mbele ya watu ambao mshiriki alikuwa na hisia mbili kwao kwa wakati mmoja, yaani wale wanaofariji na kuumiza. Mara ya kwanza kukutana na matokeo hayo niliyasoma tena na tena, kwa kuwa yalikwenda kinyume kabisa na mizani niliyokuwa nikiitegemea.

Hata hivyo, yasibebeshwe mzigo usio wao. Washiriki walikuwa wanawake kwa wanaume, na shinikizo linalopanda wakati wa mazungumzo si ugonjwa. Isitoshe, vitu viwili kuonekana pamoja si uthibitisho kwamba kimoja ndicho kilichozaa kingine. Wala hayathibitishi ule usemi kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2008, uliounganisha tafiti 148 kuhusu watoto na vijana, ulionyesha kwamba tofauti kati ya wasichana na wavulana katika ukatili wa kichinichini, kama vile kusengenya na kumtenga mwenzao, ni ndogo mno.

Kwa nini basi mchanganyiko ulemee kuliko ubaya mtupu? Maelezo yanayonishawishi zaidi ni kutotabirika. Fikiria ngazi unayopanda kila siku. Kidaraja chake kimoja kikiwa kimevunjika, baada ya siku chache mguu wenyewe hukiruka, na akili haishughuliki nacho tena. Sasa fikiria ngazi ambayo kidaraja kimoja hulegea siku fulani na kuwa imara siku nyingine, bila dalili yoyote. Hapo utashika ukuta kila unapopanda, hata siku ambazo hakuna kilicholegea, na kinachokuchosha ni huko kushika ukuta kuliko kuanguka kwenyewe. Adui ni kidaraja kilichovunjika, nawe unajua pa kuweka mguu. Rafiki ambaye leo anakukumbatia na kesho anakununia bila kusema sababu anaulazimisha mwili wako kukaa macho muda wote, na siku zake njema hazikupumzishi, kwa kuwa hujui zitaisha saa ngapi.

Kutotabirika huko pia ndiko kunakofanya iwe vigumu kuondoka. Mwaka 1957, Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha kazi yao kuhusu njiwa waliopewa chakula kwa kudonoa kitufe. Njiwa aliyepata punje kwa nyakati asizoweza kuzibashiri aliendelea kudonoa kwa muda mrefu baada ya punje kukoma, kuliko yule aliyezoea kupata kila mara. Mvuvi analielewa jambo hili bila maabara: bwawa ambalo halijawahi kutoa samaki huachwa upesi, bali lile lililotoa samaki mmoja mkubwa juzi humweka mtu ukingoni hadi giza liingie. Ni kweli kwamba kutoka kwa njiwa hadi moyo wa mwanadamu ni safari ndefu, nami naitumia kama mfano tu.

Kwa mtazamo huo, dalili za kuangalia zinabadilika. Badala ya kuhesabu makosa yake, jiangalie wewe: je, unaipanga habari njema mara tatu kabla ya kumwambia? Je, ukipokea ujumbe wake unatafuta kwanza yuko katika hali gani, kisha ndipo unasoma alichosema? Je, sifa zake hukuacha ukijiuliza kama umevikwa kilemba cha ukoka?

Uko pia urafiki unaoumiza bila yeyote kuwa na nia mbaya. Mtafiti Amanda Rose alieleza mwaka 2002 tabia ya marafiki kurudia-rudia machungu yao pamoja, kuyachambua na kuyatabiri yajayo, na akaikuta zaidi kwa wasichana. Utafiti wake uliofuata, wa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kwa wasichana tabia hiyo iliambatana na urafiki kuwa wa karibu zaidi na, papo hapo, huzuni na wasiwasi kuongezeka. Hapa dawa ni nyepesi: wekeni kikomo cha muda wa kulia, kisha fanyeni jambo jingine pamoja.

Kwa rafiki wa vijembe, hatua ya kwanza ni kumtajia tendo moja, siku yake na maneno yake, bila kuhukumu tabia yake nzima. Anayekujali huenda akakasirika, lakini tendo hilo litapungua. Lisipopungua, mpunguzie siri kabla ya kumpunguzia muda, kwa kuwa siri ndizo anazotengenezea vijembe. Si lazima kutangaza kuachana. Ila akitishia kukuanika au kukudhuru, jambo hilo limevuka mipaka ya urafiki, na inafaa kumwambia mtu mwingine unayemwamini mapema.

Jambo moja huwarudisha wengi nyuma. Punje zinapokoma ghafla, njiwa wakati mwingine hudonoa kwa kasi zaidi kabla ya kuacha. Vivyo hivyo, mtu aliyezoea kubembelezwa kila anaponuna anaweza kununa maradufu katika wiki za mwanzo, au kuwa mtamu kuliko alivyowahi kuwa. Mimi niliuchukua utamu huo kuwa ushahidi kwamba nimemwonea, nikarudi, na vijembe vikarudi kabla mwezi haujaisha. Mara ya pili nilingoja.