Si kila mchanganyiko ni kompositi

Siku hizi jina la kompositi hubandikwa karibu kila kitu kigumu na chepesi, iwe ni aloi (metali iliyoyeyushwa pamoja na elementi nyingine) ya alumini, plastiki ya kawaida au chombo cha shaba ya manjano, kana kwamba kuchanganya vitu viwili kunatosha. Hakutoshi. Kompositi, au nyenzo mseto, ni nyenzo iliyoundwa kwa kuunganisha nyenzo mbili au zaidi ambazo kila moja hubaki na hulka yake ndani ya kitu kizima, mpaka baina yao ukionekana angalau kwa hadubini, na kitu hicho kikapata sifa ambazo hakuna hata moja kati yao iliyo nazo peke yake. Ile inayozingira na kushika huitwa matriki. Ile inayoshikwa ndani yake, ambayo mara nyingi ndiyo inayobeba mzigo, huitwa kiimarisho.

Katika shaba ya manjano, aloi ya shaba na zinki, ambayo zinki yake haizidi theluthi moja, atomu za zinki huingia ndani ya fuwele za shaba na kukaa katika nafasi ambazo zingekaliwa na atomu za shaba yenyewe. Hata ukiikuza kwa hadubini hutapata mahali shaba inapoishia na zinki inapoanzia, kwa sababu mahali hapo hapapo. Sasa chukua kipande cha fibaglasi kilichovunjika na ukitazame ukingoni. Utaona vinyweleo vyeupe vimechomoza kutoka kwenye resini, yaani plastiki iliyomiminwa ikiwa kiowevu kisha ikaganda: hizo ni nyuzi za kioo, nazo ni kioo vilevile kama zilivyokuwa kabla ya kumiminiwa resini. Ufa uliopita kwenye resini kwa urahisi ulipofika kwenye uzi ulilazimika kukengeuka, kuufuata uzi ubavuni au kuung'oa kutoka ulipokuwa umeshikwa, na kazi hiyo yote hula nguvu ambayo ingeendelea kupasua. Kioo peke yake huvunjika ghafla, na resini peke yake ni dhaifu, lakini mpaka wao huzaa ukinzani ambao haukuwamo katika yeyote kati yao. Anayeita aloi kompositi anaufuta mpaka huo, ambao ndio kiini cha dhana nzima.

Wapo watakaouliza, na swali lao ni la haki, kuhusu feleji. Feleji yenye kaboni ikipoa polepole na kushuka chini ya nyuzi joto 727 za selsiasi hujitenga ndani kwa ndani na kufanya matabaka membamba ya chuma kilicho karibu safi yakipishana na matabaka ya kampaundi ngumu ya chuma na kaboni. Mipaka ipo na inaonekana. Hata hivyo feleji kwa kawaida haihesabiwi kuwa kompositi, kwa kuwa matabaka hayo yamejitenga yenyewe kutoka katika kitu kimoja kilichokuwa kinapoa, ilhali nyenzo za kompositi hukusanywa kwa makusudi, kila moja ikichaguliwa kwa kazi yake. (Mti na mfupa, ambavyo havikukusanywa na mtu, huitwa kompositi za asili, na hapo ndipo fasili inapolegezwa kidogo.)

Uainishaji wa kompositi huvurugwa kwa sababu watu huchanganya maswali mawili. La kwanza ni matriki: ni polima (plastiki), kama resini ya epoksi, ni metali, kama alumini iliyotiwa chembe za silikoni kabaidi, au ni seramiki. La pili ni umbo la kiimarisho: ni chembe, kama kokoto na mchanga ndani ya zege, ni nyuzi, fupi au ndefu, au ni matabaka, kama plaiwudi. Kila kompositi hujibu maswali yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo kusema kwamba kompositi ni za aina tatu, yaani za polima, za nyuzi na za matabaka, ni sawa na kuwagawa watu katika warefu, wanawake na wazee. Zege lenye nondo hata lina viimarisho viwili vya maumbo tofauti ndani ya saruji moja.

Ipo pia kompositi ya kaboni kwa kaboni, inayotumika katika breki za ndege: nyuzi za kaboni ndani ya matriki ya kaboni. Ukiipima kikemia utaambiwa ni elementi moja tu, lakini nyuzi na matriki zina miundo tofauti na mpaka wao unaonekana, kwa hiyo ni kompositi kamili, tofauti na shaba ya manjano ambayo ina elementi mbili lakini si kompositi.

Kwa hiyo anayesema kompositi ya shaba na zinki aambiwe kwa upole kwamba hiyo ni aloi. Na anayesema bawa la ndege limetengenezwa kwa nyuzi za kaboni hajakosea sana, ila amemsahau mshirika wa pili: bila epoksi ya kuzishika, nyuzi hizo hukunjwa kwa mkono kama kitambaa.