Je, wajua kwa nini mafuta ya aina moja huwa mengi zaidi kwenye damu ya watu wenye asili ya Afrika?

Ukipima mafuta kwenye damu, majibu ya maabara kwa kawaida huonyesha kolesteroli kwa jumla, LDL ambayo wengi huiita kolesteroli mbaya, HDL iliyo nzuri, na trigliseridi. Kuna chembe nyingine ambayo mara nyingi haipimwi kabisa, na ndiyo inayotofautiana sana kati ya watu wa asili mbalimbali. Inaitwa lipoprotini (a), kwa kifupi Lp(a). Iligunduliwa mwaka 1963 na Kåre Berg, mtafiti wa Norway.

Hii ni chembe inayofanana na LDL, ila imeshikiliwa na protini ya ziada iitwayo apo(a). Ikizidi huingia kwenye kuta za mishipa ya damu na kuchangia kuiziba, na huharakisha kukakamaa kwa vali ya moyo. Madaktari wengi huhesabu nanomoli 125 kwa lita kuwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Uingereza, Lp(a) ilipimwa kwa watu zaidi ya 460,000 waliojitolea damu zao kwa hifadhi ya utafiti ya UK Biobank. Kiwango cha kati kwa Wachina kilikuwa nanomoli 16, Wazungu 19, watu wa Asia Kusini 31. Kwa watu weusi kilikuwa 75.

Tofauti hiyo haikuletwa na chipsi wala nyama choma. Lp(a) hutengenezwa kwenye ini kwa maagizo ya jeni iitwayo LPA, na kiwango chake karibu chote ni cha kurithi. Ndani ya jeni hiyo kuna kipande kinachojirudia, kwa mtu mmoja mara chache, kwa mwingine makumi ya mara. Kikijirudia mara chache, protini huwa fupi na ini huitoa kwa wingi. Kikijirudia mara nyingi, protini huwa ndefu na hutoka kidogo. Lakini urefu peke yake hautoshi kueleza jambo hili, kwa sababu hata protini zikilingana urefu, mara nyingi mtu mweusi huwa na Lp(a) nyingi zaidi. Sehemu ya jibu iko Ulaya: Wazungu wengi wamerithi badiliko dogo la jeni linalopunguza utengenezaji wa chembe hizi, nalo ni nadra sana kwa Waafrika.

Kwa miaka mingi baadhi ya watafiti walidhani kwamba kwa watu weusi wingi huo hauna madhara. Tafiti za mwanzo zilikuwa na washiriki weusi wachache mno kuweza kujibu swali hilo. Mwaka 2012 utafiti wa ARIC wa Marekani, uliofuatilia watu zaidi ya 13,000, weusi na weupe, kwa takriban miaka 20, ulionyesha kuwa Lp(a) ikipanda, hatari hupanda kwa wote. Hili linaniuma, maana watu weusi kwa wastani huwa na trigliseridi chache na HDL nzuri, kwa hiyo majibu yao ya kawaida yanaweza kupendeza huku tatizo lenyewe halijapimwa.

Tanzania nayo imechangia katika elimu hii. Utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996, ulilinganisha wanavijiji wa kando ya Ziwa Nyasa, waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku, na wenzao wa milimani waliokula zaidi mazao ya shamba. Wote walikuwa Wabantu wa eneo moja. Wala samaki walikuwa na shinikizo la chini zaidi la damu na Lp(a) pungufu, na uchambuzi wa mwaka 1999 ulithibitisha kuwa upungufu huo haukutokana na urefu wa protini. Hata hivyo, samaki wa kiasi hicho, kila siku, ni maisha ya mvuvi. Kwa wengi wetu mlo huishusha Lp(a) kidogo tu, kama unaishusha.

Mwaka 2022 wataalamu wa mishipa wa Ulaya walishauri kila mtu mzima apimwe Lp(a) angalau mara moja maishani. Kwa kuwa haibadiliki sana, kipimo kimoja hutosha kwa wengi. Kama baba au mama alipata mshtuko wa moyo kabla ya uzee, mwombe daktari kipimo hiki kwa jina lake. Kikionekana kiko juu, ndugu zako wa damu na watoto nao wapime, kisha LDL, presha, sukari na sigara vidhibitiwe kwa ukali zaidi.