Okidi ndogo hainyonyi mti

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya gumzo: okidi ndogo, mimea ya maua yenye harufu nzuri inayoota juu ya miti katika misitu ya mawingu (misitu ya milimani yenye ukungu), eti ni vimelea vinavyonyonya mti hadi ukauke, hivyo zing'olewe. Si kweli.

Okidi hizi huutumia mti kama mahali pa kushikilia tu. Chakula hujitengenezea kwa majani yake. Maji huyapata kwenye ukungu na mvua. Mzizi umefunikwa na tabaka la seli zilizokufa linalofyonza maji kama sifongo: ukikauka huwa mweupe, ukilowa hugeuka kijani. Inua mzizi mmoja taratibu, utaona umeshika gome la nje, haujapenya ndani. Tena wakuzaji wengi huzifunga kwenye kipande cha gome lililokufa, nazo huchanua kwa miaka. Hapo zingenyonya nini?

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa ipo mimea mingine ya juu ya miti ambayo kweli hupenyeza mizizi hadi kwenye mishipa ya mti.

Inaniuma kuona mmea uliochukua miaka kukua ukitupwa kwa sababu ya ujumbe. Ukikufikia, usiusambaze; mwombe aliyeutuma akague mzizi kwanza.