Je, wajua? Namba ilijulikana si tasa miaka 27 kabla vigawo vyake havijaonekana

Tangu shule nilishikilia jambo moja: ukitaka kusema namba si tasa, onyesha kinachoigawa. 91 si tasa kwa sababu ni 7 mara 13. Bila hizo 7 na 13, huna hoja. Nilikosea, na namba iliyonitoa kwenye kosa hilo ni hii:

147,573,952,589,676,412,927

Ni 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba si tasa. Nilidhani basi alipata vigawo vyake. Hakupata hata kimoja, na wala hakuwa anakisia.

Iliwezekanaje? Mtazame mnunuzi wa mtungi sokoni. Hajazi maji kwanza. Anaugonga kwa kidole na kutega sikio. Mlio ukiwa butu anajua una ufa, ingawa ufa wenyewe hajauona.

Namba za aina hii nazo hugongwa. Nafuata kipimo kama Derrick Lehmer alivyokirahisisha katika karne ya 20. Chukua 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5, toa 1. Anza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, unapata 14. Rudia: 194. Gawa kwa 31, ushike baki tu: 8. Rudia: 64 toa 2 ni 62, na 62 ukiigawa kwa 31 hakibaki kitu. Hatua zinazotakiwa ni kipeo toa 2, kwa hiyo hapa ni 3. Tumefika sifuri: 31 ni tasa.

Sasa gonga 2,047, ambayo kipeo chake ni 11. Baada ya hatua 9 baki ni 1,736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa. Vigawo vyake ni 23 na 89, lakini hesabu imefika mwisho bila kuvigusa! Ila usikipeleke kipimo hiki kwa namba yoyote tu: ni cha 2 kwa kipeo tasa kinachozidi 2, toa 1.

Vigawo vya ile namba kubwa vilisubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole alipoviwasilisha kwenye mkutano wa wanahisabati New York: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa kwamba alizidisha ubaoni bila kutamka neno, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Masimulizi hayo yaliandikwa miongo mingi baadaye, kwa hiyo siyategemei sana. Kuzidisha kwenyewe unaweza kuanza kukukagua hapo ulipo: 721 mara 287 ni 206,927, na namba yetu inaishia na 927.

Iko nyingine, 2 kwa kipeo cha 1,277, toa 1, yenye tarakimu 385. Imeshagongwa na si tasa. Kigawo chake hata kimoja hakijapatikana.