Opera si riwaya iliyotiwa muziki

"Mbona mmekata nusu ya kitabu?" Swali hili huja kila opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, inayotokana na riwaya ya Kiingereza inapopanda jukwaani, kana kwamba kukata ni uvivu. Piga hesabu. Neno likiimbwa huchukua mara mbili hadi tatu ya muda wa kulisema. Mansfield Park ya Jane Austen ina sura 48, na kuisoma kwa sauti mfululizo ni zaidi ya saa 12. Nani atakaa ukumbini hadi keshokutwa? Opera ya kitabu hicho aliyoitunga Jonathan Dove mwaka 2011 ilibakiza waimbaji 10 na piano moja ya mikono minne, yaani inayopigwa na watu wawili.

Tena kukata ni nusu tu ya kazi. Mwaka 1835 mwandishi Cammarano alimwandikia mtunzi wa muziki Donizetti libreto, yaani maneno ya kuimbwa, ya opera Lucia di Lammermoor kutoka riwaya ya Walter Scott ya 1819. Kitabuni, anayemshurutisha Lucy kuolewa ni mama yake. Kwenye opera mama keshakufa kabla pazia halijafunguliwa, na shinikizo lote amebebeshwa kaka, baritoni, sauti ya kiume ya kati. Usiku wa harusi, Lucy wa Scott anakutwa amejikunyata kwenye pembe ya meko, anatamka sentensi moja, basi. Kimya hicho ndicho Donizetti alichokigeuza wazimu wa robo saa hivi, soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, akiimba mbele ya wageni. Mpenzi wake kitabuni humezwa na mchanga didimizi. Tenori, mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu anayemwigiza, hawezi kuimba akiwa amefukiwa, kwa hiyo anajichoma kisu, kisha anaendelea kuimba. Cheka ukipenda, lakini inafanya kazi. Basi usianze na sura ya kwanza; anza pale mwandishi aliponyamaza.

Wengine husema: "Maneno ya mwandishi yasiguswe." Sentensi ndefu ikiimbwa, kitenzi hufika msikilizaji keshamsahau mtenda. Na soprano akipanda juu sana, i na u zote husikika kama a. Jina la muuaji liweke sauti ya kati.

"Bila okestra kubwa si opera." Mtunzi Benjamin Britten alitumia wapigaji 13 katika opera yake The Turn of the Screw, 1954.

"Kitabu cha zamani, kila kitu bure." Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo Austen ni bure. Lakini Bwana Darcy, shujaa wa Pride and Prejudice ya Austen, akitoka ziwani shati limelowa hayumo kitabuni. Darcy huyo wa shati bichi alibuniwa kwa televisheni mwaka 1995, na ana mwenyewe.