Kasuku Aliyekaa Tunduni Miaka Mingi Hufundishwa Kutua Kwanza

Wenye kasuku wakituletea ndege aliyeumia, mara nyingi kisa ni kilekile. Mlango wa tundu uliachwa wazi, bakuli likaanguka jikoni, ndege akashtuka na kupaa hadi darini. Huko akazunguka mara moja au mbili, nguvu zikamwishia, akadondoka sakafuni kama jiwe. Mwenyewe hutuambia, “Daktari, huyu hajui kuruka.”

Kupaa anajua, amezaliwa nako. Asichokijua ni kutua. Kinda wa kasuku wa kijivu huondoka kiotani akiwa na wiki kama 10 hadi 12, na katika wiki zinazofuata hujifunza kupunguza mwendo, kukata kona na kuteremka. Kuteremka ndiko kugumu zaidi: ni lazima atanue mkia, ainue kifua, apige mabawa kinyume na anakoelekea na kutanguliza miguu, vyote kwa wakati mmoja. Kinda aliyekatwa manyoya katika kipindi hicho, au aliyefungiwa kwenye tundu asimoweza kujinyoosha, amelikosa somo hilo. Ndiyo maana nawasihi wafugaji wasianze kwa kumrusha ndege hewani ili “azoee”. Ndege anayetupwa huogopa mkono, na bado hajui afikie wapi.

Kabla ya somo lolote, mkague. Mnyooshe bawa taratibu utazame manyoya marefu ya ncha, ambayo ni 10 kila upande. Unyoya mzima una ncha ya mviringo. Uliokatwa kwa mkasi una ncha butu iliyonyooka. Kama yamekatwa, subiri. Unyoya uliokatwa haurefuki tena. Hukaa hivyo hadi udondoke wenyewe na mpya uote mahali pake, na kwa kasuku wa kijivu kazi hiyo yaweza kuchukua mwaka na zaidi. Unyoya mpya ukiwa bado ndani ya ala yake una damu. Ukivunjika hutoka damu nyingi, hasa ukiwa umeota peke yake bila jirani wa kuukinga.

Kisha pitisha kidole kifuani, kwenye ule mfupa unaoshuka katikati ya kidari. Ukiuhisi mkali kama ukingo wa kisu, misuli ya kurukia imekwisha. Usipouhisi kabisa, amenenepa kupita kiasi. Mpime kwa mizani ya jikoni: kasuku wengi wa kijivu wana gramu 400 hadi 500. Anayelishwa alizeti tupu miaka nenda rudi hujaza mafuta kwenye ini na hukosa madini ya chokaa, upungufu unaowasumbua sana kasuku hawa hata wakapata degedege. Wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo na abadilishiwe chakula kwanza.

Kuna watu wanaomkata ndege bawa la upande mmoja, wakidhani wanamkinga asipotee. Huo ni ukatili, hata kama hawakukusudia. Kasuku wa kijivu ni mzito kwa umbo lake. Akishtuka huanguka akizunguka, na kidari hutangulia sakafuni. Ngozi hupasuka juu ya mfupa, na kidonda cha hapo hakiponi upesi kwa sababu kila anguko hukitonesha.

Sasa chumba. Pangaboi lizimwe, na mtu yeyote asiliwashe ndege akiwa nje ya tundu. Madirisha yafungwe na mapazia yashushwe siku za mwanzo, maana kioo kwake ni njia iliyo wazi. Kioo cha kujitazamia kifunikwe, neti ya kitanda ikunjwe isije ikanasa kucha, paka na mbwa watoke. Mlango wa jikoni ufungwe, na si kwa ajili ya mafuta ya moto peke yake: kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa ya sumu ambayo mtu huenda asiihisi, lakini ndege humuua ndani ya dakika chache. Ndoo za maji zifunikwe.

Tafuta kipande cha chakula anachokipenda kuliko vyote. Kwa wengi ni mbegu ya alizeti au kipande kidogo cha korosho isiyo na chumvi. Karanga nazo huzipenda, lakini zenye ukungu zina sumu inayoharibu ini, kwa hiyo usichukue za mwisho wa gunia. Parachichi usimpe kamwe. Chakula hicho cha kupendwa kiondoe kwenye bakuli la kila siku, kipatikane mkononi mwako tu. Simwambii mtu amshindishe ndege njaa; inatosha somo liwe asubuhi kabla ya mlo.

Mweke kwenye kijiti kilichozungushiwa kamba ili miguu isiteleze. Kaa karibu, toa mkono, sema neno moja ambalo nyumba nzima italitumia, kwa mfano “njoo”. Akipanda mkononi, mpe kipande chake papo hapo. Siku nyingine sogeza mkono hatua ndogo, kiasi cha kumlazimu aruke kidogo. Hapo mtazame vizuri. Atanyoosha shingo, atakwenda kulia na kushoto kwenye kijiti, atainama, atafungua mabawa nusu kisha ayafunge tena. Pengine atakulalamikia. Kishawishi cha kumsogezea mkono ni kikubwa, lakini ukimsogezea umemfundisha kulalamika. Tulia. Asipokuja, mrudishe kwenye umbali anaouweza, mpe chake, ufunge somo kwa siku hiyo.

Mwanzoni mkono wako uwe juu kidogo ya kijiti, kwa sababu akija akipanda, mwendo hupungua wenyewe. Akizoea, uwe usawa wake. Mkono wa chini ya kijiti uje baadaye sana, na mteremko uongezwe kidogo kidogo: kutoka mgongo wa kiti hadi usawa wa kiuno chako, kisha kutoka juu ya meza ndefu, mwisho kabisa kutoka juu ya kabati. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, kwa kuwa ndege aliyekwisha kuvuka sebule nzima anaonekana amehitimu. Tandika kapeti nene au godoro chini, na mpe wiki anazozihitaji.

Akianza kuhema mdomo wazi, mabawa akiyaweka mbali na mwili na mkia ukipanda na kushuka kila pumzi, acha mara moja. Akiendelea hivyo hata baada ya kupumzika, ni mgonjwa. Na usimwite “njoo” halafu kila mara umfungie tunduni, ataacha kuja.

Wapo kasuku wa aina nyingine kabisa: waliokamatwa porini kwa ulimbo na kuuzwa kwa siri, manyoya yamechakaa na kugandana. Hao walijua kuruka kilomita nyingi kwa siku. Msituni bado wapo, kutoka Afrika Magharibi na Kongo hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, lakini wanazidi kupungua. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya wanaolindwa zaidi, cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini walio hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ni marufuku. Usinunue ndege wa kificho. Uliye naye awe na kibali cha mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako.

Hata ukijihadhari, iko siku mlango wa nje utaachwa wazi. Kasuku asiyejua kuteremka atapanda mti mrefu na kubaki huko akilia, anakuona na hawezi kukufikia. Usimrushie maji, usimchokoe kwa ufito mrefu, atazidi kupanda. Weka tundu lake mahali anapoliona, milango wazi, chakula chake kikionekana. Jua likizama, ukumbuke tawi alilolalia. Alfajiri uwe umefika akiwa na njaa, lakini usisimame wima chini ya shina: nenda mbali kidogo, mahali ambapo mteremko kutoka tawini si mkali, kisha umwite kwa lile neno lake.